Usipeleke huo mzigo wa siku 60

Mkuu, usisaini. Hayo mengine uliyouliza, jina la biashara, eneo, usajili, matangazo ya mtandaoni, yanaweza kusubiri. Shida ni hilo la mwisho ulilolitaja kama habari njema. Una akiba ya kuanzia duka dogo la vifaa vya ofisi, hata hujafungua, na tayari kampuni kubwa imekuahidi oda ya karatasi na wino kila wiki, malipo siku 60 baada ya kupokea. Unauliza kama akiba yote iingie humo. Wadau hapo juu wamekupongeza. Mimi nimeshindwa, kwa sababu biashara yangu ya kwanza iliuawa na oda ya aina hiyo hiyo, na ilikufa ikiwa na faida.

Hapo kwenye faida ndipo watu wanapopita mbio. Daftari langu lilikuwa safi. Kila ankara imeandikwa, kila mzigo una bei ya kununulia na ya kuuzia, faida inaonekana mwezi hadi mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa na daftari, ikapotea nikiiangalia, kwa kuwa lile daftari lilikuwa linaniambia nimeuza kiasi gani, haliniambii nina nini mkononi cha kununulia mzigo wa kesho.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme unanunua kwa 80 na kuuza kwa 100, kila wiki mzigo mmoja. Msambazaji wako hakukopeshi kwa sababu hakujui, kwa hiyo kila mzigo ni 80 taslimu kutoka mfukoni mwako. Unapeleka wa kwanza leo, wa pili wiki ijayo, na kuendelea. Siku 60 zinapotimia umeshapeleka mizigo 9, umetoa 720, na hujashika hata senti moja. Ukiwa na akiba ya 500, unakwama mzigo wa saba, pesa imebaki 20 na mteja anauliza mbona hujaleta. Hapo sijagusa kodi ya pango, usafiri wala ujira wa anayekusaidia kubeba. Wakilipa siku ya 90 badala ya 60, itabidi uwe umetoa 1,040 kabla ya kuona chochote. Na oda ikiongezeka mara mbili, jambo ambalo wewe utalisherehekea, kila tarakimu hapo inazidishwa kwa mbili. Mtaji wako hauongezeki mara mbili kwa sababu mteja amekupenda.

Sasa hiyo siku ya 60 yenyewe. Wewe unahesabu tangu siku mzigo ulipopokelewa. Wao hawahesabu hivyo. Kampuni niliyokuwa napelekea ilianza kuhesabu siku ankara ilipoidhinishwa, na kuidhinishwa ilikuwa safari nyingine kabisa. Ankara yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu haikuwa na namba ya oda yao. Nikaiandika upya. Ikarudishwa tena kwa sababu hati ya mapokezi ilikuwa na saini ya mtunza stoo lakini haina muhuri. Mtunza stoo yuko likizo. Muhuri umefungiwa kwenye droo yake. Nikasubiri droo ifunguliwe, na siku hizo zote hazikuhesabiwa. Ilipopita hatimaye, nikaambiwa malipo hufanywa mara moja kwa mwezi, na orodha ya mwezi ule imeshafungwa jana yake. Hakuna aliyenidhulumu pale, na hakuna aliyekataa kwamba namdai. Kila niliyempigia simu alikuwa mpole, ananiita ndugu, ananiambia deni lako lipo, usiwe na wasiwasi. Lakini msambazaji hapokei upole.

Katikati ya danadana hizo rafu zangu zikawa wazi. Wanafunzi na wenye ofisi ndogo waliokuwa wanakuja kununua rimu moja, kalamu mbili, kwa pesa taslimu, wakakuta maboksi matupu. Mtu akikosa mara mbili hapiti tena kwako. Ndio waliokuwa wananilipia umeme, na niliwaacha wakaondoka ili nimtumikie mkubwa mmoja. Nikakopa kwa riba kuziba pengo. Riba inahesabiwa kila siku, ankara yangu haihesabiwi. Pesa ya kampuni ilipoingia, yote ilikwenda kwa mkopeshaji na msambazaji, na duka likafungwa huku nikiwa bado nadai.

Aliyenitia moyo alikuwa mwalimu wa semina ya ujasiriamali. Bado nina hasira naye. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye akiba zao ndogo akatuambia oda ndiyo mtaji, mteja mkubwa ndiye benki yako, anayeogopa kukopesha hatakua. Watu wakapiga makofi. Hakuna hata mara moja alipotaja muda wa malipo. Hakutueleza kwamba kuna biashara zinazokufa kwa kukua haraka kuliko pesa yake inavyorudi, jambo ambalo mhasibu yeyote analijua. Na kiingilio cha semina yake alitaka kilipwe kabla hujapita mlangoni. Kwake mwenyewe alijua vizuri kabisa thamani ya pesa ya mbele. Kwa nini hakutufundisha hilo?

Wala si elimu mpya. Luca Pacioli, mtawa wa Kiitalia aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya kutunza hesabu za pande mbili, yaani kila muamala kuandikwa upande wa kuingia na wa kutoka, aliorodhesha mahitaji matatu ya mfanyabiashara, na la kwanza lilikuwa pesa taslimu au mali nyingine ya kuendeshea biashara. Mtunza hesabu hodari na mpangilio mzuri wa vitabu vilifuata baada yake. Na usidhani kucheleweshwa ni balaa la wadogo wa upande mmoja wa dunia. Umoja wa Ulaya ulilazimika mwaka 2011 kuweka kanuni kwamba ofisi za umma kwa kawaida zilipe ndani ya siku 30, na kampuni kwa kampuni ndani ya siku 60 isipokuwa pande mbili zimekubaliana waziwazi vinginevyo, na anayechelewa adaiwe riba ya walau pointi 8 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha msingi cha benki kuu. Watu hawatungi kanuni ya namna hiyo kama wakubwa wanalipa wenyewe kwa wakati. Hata ukiwa na sheria nzuri mkononi, muuzaji mdogo huogopa kudai riba kwa mteja anayemtegemea.

Kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee ninayoing'ang'ania: deni lote unalowadai wateja, wote kwa pamoja, lisizidi pesa ambayo ikipotea leo jioni, kesho asubuhi bado unafungua duka na kununua mzigo. Lipime kwa bei uliyonunulia. Kwa mfano wetu wa akiba ya 500, mimi ningeweka mizigo 2, yaani 160. Wa tatu hautoki mpaka wa kwanza umelipwa, pesa imeingia na umeiona. Sio wameahidi, sio hundi iko mezani kwa bosi.

Utaniambia 160 ni ndogo, utampoteza mteja. Tazama upande wa pili. Mzigo mmoja wa 100 usipolipwa, umepoteza 80 zilizotoka mfukoni. Faida yako ni 20 kwa kila 100. Ili urudishe 80 hizo inabidi uuze mali ya 400 taslimu, na kazi yote hiyo ikuletee sifuri. Mizigo mitatu isipolipwa, ni mauzo ya 1,200 ya kufanya bure. Mteja wa kupotea kwa sababu umemwekea kikomo, mwache apotee.

Kama bado unaitaka hiyo oda, nenda kwao kabla ya kusaini, na usiishie kwa ofisa manunuzi. Yeye kazi yake ni kupata bidhaa, atakuambia kila kitu ni rahisi. Omba kuonana na mhasibu anayelipa. Muulize siku zinaanza kuhesabiwa lini, ni nyaraka gani lazima ziambatane na ankara, nani anasaini na kugonga muhuri mhusika mwenyewe akiwa hayupo, na malipo hutoka tarehe zipi za mwezi. Kisha mtafute mtu mwingine anayewauzia bidhaa, hata kama ni mwenye kuleta maji ya kunywa, umuulize mara ya mwisho alilipwa lini. Huyo atakupa jibu ambalo ofisini hulipati.

Halafu jadiliana. Omba nusu ya pesa kabla ya mzigo kutoka. Wakikataa, omba siku 14 na mzigo mdogo. Wakikataa na hilo, rudi kwa msambazaji wako uone kama anaweza kukupa muda. Ukipewa siku 30 na wewe ukatoa 14, pesa ya mteja inakufikia kabla deni lako halijaiva. Kinyume chake ndicho kilichoniua. Kwenye mkataba iandikwe kwamba siku zinahesabiwa tangu tarehe ya kupokea mzigo, na kwamba una haki ya kusimamisha oda inayofuata kama iliyotangulia haijalipwa. Hicho kipengele cha kusimamisha ndicho chenye meno. Kuna watakaokushauri uandike kuwa mali ni yako mpaka ilipwe. Andika, lakini usikitegemee: karatasi ikishachapwa na wino ukishaisha, utarudisha nini?

Nimeona pia unapanga kuwapa punguzo la asilimia 10 ili wakupende. Kwenye faida ya 20, hilo punguzo limekula nusu. Uuze mara mbili ili ubaki pale pale, na kwa mkopo. Kama ni lazima utoe punguzo, mpe anayelipa siku hiyo hiyo.

Kuhusu eneo, jina na mitandao wadau wengine wamejibu vizuri, sina la kuongeza, ila pesa ya duka na ya nyumbani zisikae akaunti moja. Ukishaonana na huyo mhasibu, andika hapa alichokujibu kuhusu siku zinaanza kuhesabiwa lini, neno kwa neno. Na ule ukurasa wa masharti ya malipo uweke pia, ufute jina la kampuni, tuusome kabla hujaweka kalamu.