Kabla hujafundisha kuhusu Bikira Maria huku Kusini

Ndugu katekista, ukipangiwa kigango, yaani jumuiya ndogo ya waumini chini ya parokia, huku kwetu kusini mwa Tanzania, iwe upande wa Masasi, Newala au Nachingwea, utadhani somo gumu ni Utatu Mtakatifu, Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Utatu ukikushinda watu watakuvumilia, maana wameshazoea kuambiwa kuwa ni fumbo. Kuzaliwa kwa Yesu na Bikira ndiko kunakohitaji maandalizi. Ukikueleza vibaya, unamrudisha mkatekumeni, yule anayejiandaa kubatizwa, nyumbani na hoja mbovu, na nyumbani yupo mjomba wake Mwislamu anayeijua hoja hiyo kukuzidi.

Anza na hili: majirani zetu Waislamu hawakatai kwamba Yesu alizaliwa na bikira. Kurani ina sura nzima, ya 19, yenye jina la Maryam. Katika sura ya tatu, Aali Imran, Maryam, ndiye Maria wetu, anauliza atapataje mtoto hali hajaguswa na mwanamume, karibu sawa na anavyouliza katika Luka 1:34. Kwa hiyo ukisimama barazani ukasema Yesu ni Mungu kwa sababu hakuwa na baba wa duniani, utajibiwa kabla hujakaa: Na Adamu je? Hakuwa na baba wala mama. Aya ipo, ni ya 59 ya sura hiyo hiyo ya tatu. Mimi nakushauri uikubali hoja hiyo pale pale, maana hairushi jiwe upande wetu. Imani yetu haisemi kwamba Yesu alipata umungu kwa kukosa baba.

Inasema Mwana alikuwapo kabla ya Maria. Injili ya Yohana inaanza na Neno aliyekuwako mwanzo, haitaji Bethlehemu wala hori, kisha katika 1:14 Neno anafanyika mwili. Jambo hilo ndilo lililoleta Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, baada ya Ario, padri wa Aleksandria, kufundisha kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo. Maaskofu wakajibu kwa maneno tunayoyatamka Dominika katika Kanuni ya Imani huku akili ikiwa kwenye matangazo: aliyezaliwa bila kuumbwa. Wanaongea juu ya Baba na Mwana, tangu milele. Tamko lile la 325 halimtaji Maria kabisa. Jina lake limo katika lile la Konstantinopoli la mwaka 381, ambalo ndilo tunalosali. Wafundishe hivyo, mambo mawili mbalimbali: Mwana atokaye kwa Baba milele, na Mwana huyo huyo aliyetwaa mwili kwa Maria siku moja, mahali pamoja, enzi za Herode.

Ukilitenganisha hivyo, swali la "Mungu ana mke?" linakwisha lenyewe. Hana. Katika Luka 1:35, malaika anapomjibu Maria, Roho Mtakatifu hashiki nafasi ya mume. Kina mama waliopita unyagoni hulielewa mapema kuliko vijana, kwa sababu wanajua hasa Maria alikuwa anauliza nini. Wape nafasi waseme, wewe nyamaza.

Wapo pia watakaokuuliza kama Utatu ni Mungu, Maria na Yesu. Usicheke wala usikasirike. Sema wazi kwamba Maria ni kiumbe, naye haabudiwi. Jina la Mama wa Mungu, lililothibitishwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, halimaanishi kwamba umungu ulianzia kwake. Linamaanisha kwamba yule aliyemzaa ni Nafsi moja, naye Nafsi hiyo ni Mungu.

Halafu kuna mafiga. Utakuta wakongwe wanafundisha Utatu kwa mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja. Uache mfano huo hata kama paroko anaupenda. Kila figa ni jiwe lake peke yake, kwa hiyo umeshafundisha miungu watatu wanaosaidiana kazi.

Swali ambalo vitabu vyetu havina, nawe utalikuta hapa, ni la ukoo. Kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mzee mmoja atanyanyua mkono: mbona Mathayo anahesabu mababu wa Yusufu, wakati mtoto si wake? Swali zuri sana hilo, usilipitie juu juu. Fungua Mathayo 1 usome pole pole, fulani akamzaa fulani, tangu Ibrahimu. Ukifika kwa Yusufu mwendo unakatika: hasemi Yusufu alimzaa Yesu, anasema Yusufu mumewe Maria, ambaye kwake alizaliwa Yesu. Kisha malaika anamwita Yusufu mwana wa Daudi na kumwagiza ampe mtoto jina. Kwa Wayahudi, kumpa mtoto jina ni kumkubali kuwa wako kisheria, na kwa njia hiyo Yesu anaingia nyumba ya Daudi. Wazee wetu wanajua vizuri tofauti kati ya kuzaa na kumtambua mtoto, watakuelewa.

Sikukuu ya 8 Desemba, Mkingiwa Dhambi ya Asili, wengi huichanganya na somo hili. Ile ni ya Maria mwenyewe kutungwa tumboni mwa mama yake, fundisho lililotangazwa na Papa Pio wa Tisa mwaka 1854.

Kuhusu ratiba, somo hili usiliweke Desemba. Watu wako kwenye korosho na minada, darasa litakuwa na watoto watupu. Liweke karibu na 25 Machi, sikukuu ya Maria Kupashwa Habari na malaika, wakatekumeni wakiwa wanajiandaa kwa ubatizo wa Pasaka. Mwaka ambao tarehe hiyo inaangukia Juma Kuu, sikukuu husogezwa hadi baada ya Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, wakati wanafunzi wako wameshabatizwa. Basi tazama kalenda mapema, ufundishe kabla.