Makala Yangu Ilikaa Hadi Zabibu Zikaisha

Makala niliyoihangaikia kuliko zote, msimu wake wa kwanza haikusomwa na mtu. Ilihusu walanguzi wanaofika Mpunguzi, hapa Dodoma, msimu wa zabibu, na jinsi mkulima anavyobanwa bei kwa sababu tunda likishaiva halingoji. Ndege na nyuki nao wanataka chao. Niliianza siku mjomba alipopakia kreti zake kwenye guta. Aya ya kwanza niliiandika mara kumi na moja. "Mkulima" nikaigeuza "mvunaji", kesho yake nikairudisha "mkulima". Nilipokuja kuridhika, mizabibu ilishapogolewa, na kutoa makala ile kungekuwa kama kumpa mtu pole ya matanga ya mwaka jana.

Aliyeniuliza nilimjibu bado naisahihisha. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa. Sisi wa huku bara tuna woga wetu: nyumbani unaamkiwa "Mbukwenyi" kwa Kigogo, Kiswahili unakikuta darasani, halafu ukubwani unahisi kuna mtu wa pwani amekaa mahali anangoja upinde sentensi moja tu akuulize kwenu wapi. Mtu huyo sijawahi kumwona hadi leo.

Bahati nzuri zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sikungoja mwaka mzima kujirudi. Safari hii nilijiwekea siku: kreti za kwanza zikitoka shambani, makala ile nayo itoke, iwe imekaa au haijakaa. Jioni ya kuamkia siku hiyo nikamsomea mjomba kwa sauti, yeye akinoa mkasi wa kupogolea. Ushauri wangu mkubwa uko hapo: mpelekee anayelijua jambo lenyewe kabla ya anayejua kuandika. Mjomba hakugusa lugha hata kidogo. Alisimamisha mkasi mara moja tu, akasema, "Hapo kwenye kreti umedanganya, mwanangu. Kreti hazilingani." Na kila nilipoishiwa pumzi nikisoma, nilijua sentensi ile ni ndefu, nikaikata. Majina na hesabu za fedha nilizihakiki mara mbili, maana hapo ukikosea unaumiza mtu. Mapambo niliyaacha yalivyo.

Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu, nikaiacha simu ndani, nikaenda kuchota maji. Ndoo mbili, na sikuwa na shida ya maji.

Niliporudi, kosa lilishaonekana. Nilikusudia kuandika kwamba mlanguzi "humpimia" mkulima kwa mizani yake mwenyewe, ikatoka "humpigia". Watu walicheka kweli kweli. "Kumbe siku hizi wanapiga na simu!" Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini katikati ya vicheko, mzee mmoja wa Hombolo alituma ujumbe wa sauti, akaeleza taratibu jinsi uzito wa kreti tupu unavyokatwa zaidi ya ulivyo, kilo hadi kilo, mpaka mkulima anauza jasho bure. Jambo hilo nisingelipata popote kwa kukaa ndani nikibadilisha maneno. Ndilo lililokuwa makala yangu ya pili, na hiyo niliimaliza kwa siku nne.

Ile ya kwanza sikuifuta. "Humpigia" ipo hadi leo, na mjomba akinipigia simu haanzi na salamu. Anaanza, "Mlanguzi hapa."