Kweli wazee huku wanafungwa?

Ndugu zangu, tangu ile video ya bibi aliyefungwa kwenye kiti iingie kwenye grupu la familia, mnaniuliza kama kweli Marekani wazee wanafungwa kamba. Na mdogo wetu anayesubiri viza anataka kujua kama kazi ya kutunza wazee inafaa. Nawajibu wote kwa pamoja, bila kupamba.

Tangu nianze kazi hii, kamba sijaiona. Sheria ya mwaka 1987 inakataza makao ya wazee yanayolipwa na Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, kumfunga mzee ili kumwadhibu au kumpunguzia mhudumu kazi. Mwaka 1991 zaidi ya asilimia 20 ya wakazi wa makao haya walikuwa wanafungwa. Kufikia 2007 hawakufika asilimia 5. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini kufunga kuna sura nyingi. Mzee mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anasogezwa na kiti chake mpaka mezani, breki zinakazwa, mgongoni ukuta. Hana mkanda, ila hatoki. Au anakalishwa kwenye kiti kilicholala sana, hawezi kujiinua. Kisheria kote huko ni kufunga, ikiwa mwenyewe hawezi kujitoa kwa urahisi. Usiku mmoja kazini nilimkuta babu mmoja amebanwa na shuka iliyochomekwa chini ya godoro pande zote, vizuizi vya kitanda vimepandishwa, vidole vyake vinahangaika na pindo la shuka. Alikuwa anataka choo, basi. Nikamtoa, nikampeleka, akalala mpaka asubuhi.

Watawaambia ni ili asianguke. Si kweli. Kumfunga hakuzuii kuanguka: akipanda juu ya kizuizi anaanguka kutoka juu zaidi, misuli inalegea, vidonda vinamtoka, na wapo walionaswa kwenye vizuizi hivyo wakafa. Sababu yenyewe mara nyingi ni wahudumu wachache kwenye zamu, na mwenye makao anajua. Wazee wengine hutulizwa kwa dawa za wagonjwa wa akili, na tangu 2005 mamlaka ya dawa ya huku inaonya kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Hili linanikera kuliko hata mkanda, maana mgeni akija kutembelea haoni kitu.

Mdogo wangu, kazi inafaa. Mafunzo ni saa 75 kwenda juu, kisha mtihani. Ila siku moja utaambiwa, “Mbane pale asisumbue.” Kataa. Uliza kwanza anachotaka: choo, maji, au ana maumivu. Mwambie muuguzi wa zamu. Wakikupuuza, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa makao haya, na haruhusiwi kutaja jina lako bila ridhaa yako au amri ya mahakama.

Mimi niliacha makao yale ya yule babu. Ninapofanya kazi sasa, mzee akikosa usingizi tunamtembeza korido nzima, hata mara tatu. Mshahara ni uleule.