Yule mzee wa getini, na usiku ambao mfalme alikosa usingizi

Juzi nimepata meseji inboksi kutoka kwa dada mmoja, yeye ni msimamizi ofisini kwao, anasema kuna mhudumu hamheshimu kabisa, wenzake wakimwona wananyanyuka yeye anaendelea kubonyeza simu, na barua ya kumshtaki ameshaiandika, ananiuliza aipeleke au aache. Nikacheka peke yangu halafu nikanyamaza, maana barua hiyo mimi niliwahi kuiandika. Hiyohiyo.

Humu wengi tunatafuta kupanda, tusidanganyane, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

2019 nilikuwa supavaiza wa stoo kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, jina naliacha. Nina miaka 33, funguo zote ninazo mimi, pikapu ya kazini ninayo. Nikifika getini walinzi wanasimama, "bosi, bosi". Kasoro mzee mmoja, kashavuka sitini, yeye anafungua geti taratibu, anaandika namba ya gari kwenye daftari lake, anasema "karibu kijana". Basi. Kijana! Tena mbele ya wapakiaji.

Hapa mnicheke tu. Kwa malezi yetu mimi ndo nilitakiwa kumpa yeye shikamoo, na sikumpa hata siku moja.

Ikaniingia jamani. Mshahara umepanda, kiwanja Kibaha nimeshalipia nusu, lakini nikilala namwona yule mzee na kalamu yake ya bluu iliyofungwa uzi. Sasa fungua kitabu cha Esta sura ya 5. Hamani, mkubwa kuliko mawaziri wote wa mfalme Ahasuero wa Uajemi pale Shushani, kawaita rafiki zake na mkewe Zereshi, anawahesabia mali, wingi wa watoto, cheo, na kwamba malkia kamwalika karamuni yeye peke yake pamoja na mfalme. Halafu anasema hivyo vyote havimsaidii kitu kila akimwona Mordekai Myahudi amekaa langoni. Langoni! Siku niliyokutana na hilo neno niliifunga Biblia nikatoka nje kupunga upepo.

Na Hamani aliona kummaliza Mordekai peke yake ni jambo dogo, akaahidi talanta 10,000 za fedha ziingie hazina ili Wayahudi wote wa majimbo 127 wafutwe, kuanzia India mpaka Kushi. Kisa mtu mmoja hainami. (Kuna ugomvi wa zamani humo ndani pia: Hamani anaitwa Mwagagi, Mordekai ni Mbenyamini wa ukoo wa Kishi, na Sauli mwana wa Kishi ndiye aliyemwacha hai Agagi mfalme wa Waamaleki. Naye Sauli alianguka kwa kujiona, ila hiyo tuiache leo.)

Mimi talanta sikuwa nazo, nilikuwa na kompyuta ya ofisi. Nikaandika barua kwamba mlinzi analala zamu ya usiku. Uongo mtupu. Mke wangu nikamsomea, akasema mwache mzee wa watu, na hapo nikiri nimempita Hamani kwa bahati, maana Zereshi yeye ndo alishauri, pamoja na rafiki zake, kichongwe mti wa dhiraa 50, kama mita 22 hivi, Mordekai atundikwe. Barua nikaiweka droo, niipeleke Jumatatu.

Jumatatu wakaingia wakaguzi. Saruji mifuko 300 haipo. Funguo ni za nani? Zangu. Nikasimamishwa siku hiyohiyo. Wiki mbili zilizofuata sizisimulii, zilikuwa za kukaa sebuleni na kupiga simu zisizopokelewa.

Kilichonitoa ni daftari la getini, lile ambalo hakuna bosi aliyewahi kulisoma. Mzee ameandika: Jumapili, saa 12 na dakika 40 jioni, lori limetoka na saruji, namba ya gari hii hapa, sahihi ya aliyetoa mzigo hii hapa, na chini kaongeza kwa mwandiko wake wa kulala, "supavaiza hajaingia leo". Sahihi ilikuwa ya mtu niliyekuwa nakula naye chipsi mchana.

Ndo nikaelewa sura ya 6. Mordekai aliwahi kufichua njama ya Bigthana na Tereshi ya kumuua mfalme, ikaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu, na hakupewa hata asante. Hesabu mwenyewe: Esta, binamu aliyelelewa na Mordekai, alichukuliwa kuwa malkia mwaka wa 7 wa Ahasuero, kura ya Hamani ya kuchagua siku ya kuwaua Wayahudi ikapigwa mwaka wa 12, muda wote huo maandishi yamelala. Halafu usiku mmoja mfalme anakosa usingizi, anasomewa kitabu, na asubuhi Hamani aliyekuja kuomba ruhusa ya kutundika mtu anaagizwa amvike Mordekai nguo za kifalme, ampandishe farasi, amtembeze mjini akipiga mbiu. Kwa maandishi ya Kiebrania jina la Mungu halimo humo hata mara moja, wanaolitaja ni wale wenye zile nyongeza za Kigiriki, Biblia za Kikatoliki wanazo. Lakini ndugu yangu, nani alimnyima mfalme usingizi? Nani alifanya kura iliyopigwa mwezi wa kwanza idondokee mwezi wa kumi na mbili, Esta apate nafasi ya kuwaombea Wayahudi wenzake kwa mfalme? Wewe unayemdharau mfagizi, unajua ameandika nini na wapi? Unachonga mti uani kwako, na Hamani alitundikwa uleule, towashi Harbona akawa wa kuonyesha kwa kidole kwamba upo tayari.

Kwa hiyo dada, barua usipeleke. Msalimie huyo mhudumu. Kesho msalimie tena. Ukiona hasira haijaisha, salimia. Mimi sina mbinu nyingine.

Na usidhani ukinyenyekea unarudishiwa kila kitu. Kazini nilirudi ila usupavaiza walishampa mwingine, na kuna siku bado unaniuma, sifichi.

Mzee alipostaafu kampuni ikampa bati 30, na meneja, bila kujua lolote, akasema wewe ndo umsindikize nazo mpaka kwake Chanika. Yeye kakaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya bati, jua la saa nane. Tumefika nikashuka, kwa mara ya kwanza nikasema shikamoo mzee. Akasema marahaba kijana, akanivutia kigoda, akatoa kidaftari mfukoni, akahesabu bati moja moja, akaandika na saa, halafu akanipa kalamu nisaini.