Usiku wa Halloween na John Carpenter: mimi ningepanga hivi

Mkuu umeuliza: mko watu kama wanane, usiku wa Halloween mnataka filamu za kutisha za mwongozaji mmoja tu, mmeshakubaliana awe John Carpenter, wawili kati yenu damu hawaiwezi, na hamjui mshike zipi mwache zipi. Kwenye kundi letu kazi ya kupanga huwa inaniangukia mimi, na Carpenter ndiye tuliyemrudia kuliko mwongozaji mwingine yeyote, kwa hiyo ngoja nimwage nilichonacho.

Kwanza achana na zile orodha za "filamu zake bora". Filamu nzuri ya kutazama peke yako si lazima iwe nzuri mbele ya watu wanane. Prince of Darkness ya 1987 naipenda kupita kiasi, lakini kuna wanafunzi wa fizikia wanaojadiliana kanisani mpaka unasahau kwamba ni filamu ya kutisha. Kundi halina subira hiyo, wengi watakuwa wameshahamia kwenye simu. In the Mouth of Madness nayo inataka uifuate hatua kwa hatua. Mtu akitoka kidogo tu akarudi, hajui tena nani mzima nani kichaa. Kundi linataka filamu ambayo watu wanaweza kuipigia kelele, halafu yenyewe ikawanyamazisha pale inapotaka.

Zangu ni tatu, na mpangilio ni huu huu: The Fog (1980), Halloween (1978), The Thing (1982). Ni dakika 89, 91 na 109. Mkianza saa moja jioni na mkapumzika kati ya moja na nyingine, kwenye saa sita na nusu usiku mtakuwa mmemaliza.

The Fog inatangulia kwa sababu haimwadhibu aliyechelewa. Mzee mmoja anawasimulia watoto habari za meli iliyoangamia, wamezunguka moto ufukweni, saa sita ya usiku inakaribia. (Carpenter hakuridhika na toleo lake la kwanza, akarudi kupiga matukio mapya, na huyo mzee ni katika vilivyoongezwa. Sijui filamu ingesimamaje bila yeye.) Anayeingia katikati unampa kisa kwa pumzi moja: mji wa pwani huko California unatimiza miaka 100, na waliodhulumiwa ulipoanzishwa wanarudi ndani ya ukungu kudai chao. Tena wanabisha hodi kwanza. Watu watacheka, watawafokea wahusika wasifungue mlango, na huo ndio uchangamfu unaoutaka mwanzoni.

Halloween inakuja pili, watu wakiwa wameshatulia. Usiogope kwa ajili ya hao wenzenu wawili: pamoja na sifa yake yote, damu humo ni kidogo mno. Hofu yake inatokana na kusubiri. Iligharimu kama dola 300,000 hivi, na kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, sura ya Captain Kirk, nahodha wa chombo cha angani kwenye Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Usiwaambie hilo kabla. Ukishawaambia watamwona Kirk mpaka mwisho.

Hapa sasa ndipo nataka uwe mkali, kwa sababu makundi mengi huiharibu hii filamu kwa namna wanavyoitazama. Carpenter anapiga picha pana, na hatari anaiweka pembeni au nyuma kabisa, mahali ambapo mhusika haangalii. Kama runinga yenu imewekwa ikuze picha ijaze skrini yote, pande zinakatwa, na mara nyingine anayekatwa ni muuaji mwenyewe! Ingia kwenye mipangilio uirudishe picha kwenye upana wake, hata kama mistari myeusi juu na chini inawakera baadhi. Halafu zima taa zote. Kuna tukio karibu na mwisho, Laurie, msichana anayewindwa na muuaji, ameegemea ukuta kando ya mlango, hoi kwa kilio, na nyuma yake chumba ni giza tupu. Hakuna kinachoruka wala kugonga. Polepole mno, ndani ya lile giza, kile kinyago cheupe kinaanza kuonekana, kana kwamba macho yako ndiyo yanazoea. Mtu mmoja anakiona, anashika mkono wa jirani, jirani naye anakiona, na unasikia chumba kizima kikivuta pumzi kwa zamu. Taa ikiwaka nyuma yenu au simu ikimulika, hilo halipo tena.

Sauti pia. Muziki kautunga mwenyewe Carpenter, ile piano ya mapigo matano matano ambayo sikio linangoja itulie na haitulii. Kama mna spika ya pembeni iunganisheni, sauti ya runinga peke yake inaudhoofisha.

Baada ya hapo pumzikeni kweli, muda wa kutosha, kwa sababu The Thing ndiyo inayowahusu hao wawili. Hapa si damu tu, ni miili inapasuka na kugeuka vitu visivyo na jina, sehemu kubwa ni kazi ya Rob Bottin aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yote kwa mpira na mitambo, hakuna kompyuta. Waambie wazi, na waambie pia wanaopenda mbwa. Anayetaka kuondoka aondoke akiwa ameshafaidi filamu mbili. Ndiyo maana naiweka mwisho, ingawa ndiyo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Kwa kundi haina mfano. Wanaume kwenye kituo cha utafiti Antaktika, mmoja wao au zaidi si binadamu tena, na hakuna wa kumwamini. Inapofika pale MacReady, mhusika mkuu, anawafunga wenzake kwenye viti, anaupasha waya moto na kuuchovya kwenye damu ya kila mmoja ili amjue asiye binadamu, sisi husimamisha filamu kabla waya haujagusa damu ya kwanza. Kila mtu anataja anayemshuku na sababu yake. Mabishano ya hapo huwa matamu kuliko filamu nyingi nzima. Walioiona zamani wakae kimya, na kama kuna anayejua Kinorwe, azibe mdomo dakika za mwanzo, maana yule jamaa wa helikopta anayemfukuza mbwa anapayuka siri yote.

Jambo jingine, kabla ya siku yenyewe angalia mwaka, usiangalie jina peke yake. Zote tatu zina nyingine zenye jina lile lile zilizoongozwa na watu wengine: Halloween ya 2007 na ya 2018, The Fog ya 2005, The Thing ya 2011. Unamtuma mtu alete The Fog, mnakaa, na nusu saa baadaye mmoja anauliza mbona hawa wana simu za mkononi. Halloween II na III nazo hakuziongoza yeye.

Ghosts of Mars na The Ward ziacheni. Christine iwekeni akiba kama mna wapenda magari, lile gari linavyojinyoosha bodi lenyewe bado linapendeza. Na kama saa saba usiku bado kuna walio macho na hawataki kwenda kulala na The Thing kichwani, wawekee They Live. Si ya kutisha, ila wanaume wawili wanapigana uchochoroni muda mrefu ajabu, eti kwa sababu mmoja hataki kuvaa miwani, na mmoja wao ni Keith David, mwigizaji aliyemo pia kwenye The Thing, ambaye mtakuwa mmetoka kumshuku sasa hivi.