Kiti cha dramu alikaa mtu mwingine

Mhariri, wiki hii mmeuliza: bendi kongwe iliyosambaratika ikirudiana na kutoa albamu mpya, sisi mashabiki tufurahi, au heri wangetuachia kumbukumbu zetu? Mkataka kila msomaji alete mfano mmoja. Najua wengi wataleta bendi zetu za dansi. Mimi naleta Black Sabbath, Waingereza wa Birmingham, na albamu yao ya 13 iliyotoka Juni 2013.

Nieleze kwanza nilivyoingia huku, maana hapa Dar ukisema unapenda roki nzito watu wanakutazama kama umesema unakula konokono. Kaka yangu alikuwa baharia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alirudi na kanda yao moja isiyo na jalada, maandishi yameshafutika. Tulikuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe. Mama akiisikia anafunga dirisha, majirani wasije wakadhani tunapunga pepo.

Lakini kilichonifunga na bendi hii ni vidole. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua kiwandani. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ya mabati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye anapiga kishoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vyake vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vikofia, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akawa anazilegeza nyuzi zenyewe, na sehemu ya ule mlio mzito wa Sabbath imetoka humo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko mtaa wa Gerezani. Kidole changu cha kati kilipungua mwaka 2004 nikiwa nimeajiriwa kwa mtu, kwenye mashine isiyo na kinga, na fidia yangu ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Nilikuwa napiga gitaa la ridhim kwaya ya kanisani. Sikutengeneza kikofia chochote, niliacha.

Basi 13 ilipotoka, nikaipata kwenye flashi. Jumamosi jioni tukafunga kazi, nikatoa sabufa nje. Tulikuwa wanne: mimi, kaka baharia (ameshastaafu), jirani yangu muuza vipuri ambaye ni mtu wa dansi tupu, na mpwa wangu aliyekuwa anajifunza kazi kwangu. Kaka alikuwa na machozi kabla wimbo haujaanza. Sabbath walikuwa wamesharudiana jukwaani tangu 1997, lakini albamu nzima ya studio wakiwa na mwimbaji wao Ozzy Osbourne mara ya mwisho ilikuwa 1978. Miaka 35! Na Iommi aliitengeneza huku anatibiwa saratani aliyogundulika nayo mwanzoni mwa 2012, ratiba ya studio ikifuata ratiba ya hospitali. Kaka anasema mtu akikupigia gitaa katika hali hiyo, wewe kazi yako ni kushukuru tu. Na wenzake walikuwa wengi, kwani albamu ilishika namba moja Uingereza, jambo ambalo Sabbath hawakuwa wamelifanya tangu albamu yao Paranoid ya 1970, na Marekani ikashika namba moja kwa mara yao ya kwanza kabisa.

Jirani wa vipuri yeye alikwama kwenye jina la wimbo wa pili, "God Is Dead?", yaani eti Mungu amekufa? Akataka kuondoka na kiti chake. Nikamwambia tazama alama ya kuulizia, na subiri mwisho, mwimbaji mwenyewe anasema haamini. Akabaki, ila kwa shingo upande. Wimbo huohuo ndio uliowapa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Mpwa alisema neno moja tu: "Mjomba, mbona kama nimeshawahi kuusikia?"

Hapo alinigusa. Prodyuza wao, Rick Rubin, aliwakalisha chini akawapigia albamu yao ya kwanza ya 1970, akawataka warudie ile hali. Wakatii mno. Wimbo wa kwanza unatembea kwa mwendo uleule wa wimbo wao uliobeba jina la bendi. "Zeitgeist" ni wimbo wao wa zamani "Planet Caravan" uliobadilisha shati. Kwenye "Damaged Soul" Ozzy anapuliza kinanda cha mdomo kama alivyofanya kwenye albamu ya kwanza. Hata mwisho: albamu ya 1970 inaanza kwa mvua, radi na kengele, na hii ya 13 inaishia kwa mvua, radi na kengele. Sabufa ilipoanza kunguruma mvua, mpwa aliruka kwenda kuingiza waya wa mashine ya kuchomelea ndani. Mwezi wa sita, Dar! Tulimcheka mpaka jirani wa vipuri akasahau hasira zake.

Mashabiki wengine wanalalamikia sauti, kwamba imebanwa hadi kila chombo kinapiga kelele sawa. Ni kweli. Ukiifungulia sana masikio yanachoka kabla ya wimbo wa nne, kama daladala yenye spika mbovu. Hilo mimi nalisamehe. Nikipewa gitaa la Iommi na besi ya Geezer Butler, kasoro za studio navumilia.

Nisichovumilia ni dramu. Bendi ilitangaza kurudiana tarehe 11 Novemba 2011, wote wanne wa asili. Miezi michache baadaye Bill Ward, mpiga dramu, akasema mkataba aliopewa hausainiki. Hakusaini. Ozzy alikuja kusema Ward hakuwa fiti kwa ziara. Mimi sikuwa mezani pao na siamui kesi. Najua tu nilichosikia kwenye sabufa. Aliyekaa kwenye kile kiti ni Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine, mpigaji mzuri asiye na doa. Na kutokuwa na doa ndiko kulikoniudhi. Ward alilelewa na jazi. Hapigi kama saa ya ukutani. Anasubiri gitaa liseme, halafu anajibu, mara anachelewa, mara anamwaga maji ya ziada kwenye matoazi, na gitaa nalo linamgeukia. Msikilize kwenye nyimbo za 1970 utaona wanazungumza.

Wanaochomelea watanielewa. Wilk ni saidia fundi hodari, anashika paipu palepale ulipomwambia, haitikisiki. Ward ni yule mwenzako wa miaka 20 ambaye anaisogeza paipu kidogo kabla hujasema, na geti linatoka na umbo ambalo hakuna aliyelichora.

Jirani wa vipuri, nilipomweleza haya, ndipo akaanza kunisikiliza kwa moyo. Kwa mtu wa dansi kuhama na kurudi si habari. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji, alianza NUTA Jazz (ndiyo Msondo ya baadaye) mwaka 1964, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, 1978, akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Mwimbaji mwenzake Bitchuka naye kazunguka vivyo hivyo. Watu walinuna, wakasusa, wakafuata bendi nyingine wiki mbili, wakarudi. "Sasa tofauti iko wapi?" akauliza. Nikamwambia sisi tulipokea kila mseto kwa jina lake. Gurumo akiwa Msondo hukuambiwa hii ni Sikinde ya 1978. Hawa waliuza 13 kama kurudi kwa Sabbath wa mwanzo, wakaiga mpaka mvua ya wa mwanzo, na mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri: nafurahi, lakini kwa masharti mawili. Warudi wote walio hai na wanaotaka kurudi, hata kama mikataba itachukua mwaka mzima kuandikwa. Na wakiingia studio, wapige watu wazima walivyo sasa, wasiigize ujana. Nyimbo ninazozirudia kwenye 13 ni zile ambazo Ozzy anaimba kama mzee aliyechoka, sauti imekwaruza. Zile za kuigiza 1970 nazipita.

Niongeze hili, kwa sababu lilinibadilisha kidogo. Tarehe 5 Julai 2025 Sabbath walifanya onyesho la mwisho Villa Park, Birmingham, wote wanne, Ward akiwemo. Hakukuwa na albamu mpya. Walipiga nyimbo nne tu, zote za 1970: "War Pigs", "N.I.B.", "Iron Man" na "Paranoid". Ozzy alikaa kwenye kiti chake cha enzi, mwili umeshamkatalia. Siku 17 baadaye akafariki, akiwa na miaka 76.

Tuliangalia kwenye simu ya mpwa, karakanani, kioo kimepasuka kona moja. Siku hizi mpwa ni fundi kamili, ana wateja wake. Ward, mzee wa miaka 77, alikuwa amevua shati, anatoka jasho kama sisi saa nane mchana. Katikati ya "War Pigs" mpwa akaisogeza simu karibu na sikio, akakunja uso.

"Mjomba, huyu mzee anachelewa kidogo."

Nikamwambia ndiye huyo, mwanangu, ongeza sauti.