Kabla hujalipia Noah ya mkononi, iwashe mwenyewe asubuhi ikiwa ya baridi

Mwaka 2019 nilinunua Toyota Noah ya mkononi hapa Dar, ile tunayoita new model, rangi ya silva, namba D (herufi inayofuata tarakimu kwenye namba ya gari), viti safi kabisa hata plastiki za milango hazijachubuka. Nilikuwa na haraka maana Desemba ilishafika na nilishamwahidi mama mkwe kwamba safari hii tunaenda Njombe wote kwa gari yetu. Muuzaji nilimkuta ameshaiwasha, AC inapuliza, ndani pamepoa vizuri, nikaona huyu mtu mstaarabu. Nikazunguka nayo mtaa mmoja, nikalipa.

Mpaka Ruaha Mbuyuni hakuna shida, tukasimama tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga. Katikati ya mlima, nyuma ya lori lililokuwa linatambaa, nikaona mshale wa temperecha unapanda, AC ikaanza kupuliza joto, halafu mvuke ukatoka mbele. Nikasimama kwenye kona ile nyembamba na watoto wawili na mama wa watu mwenye presha, malori yanapita karibu mpaka gari inatikisika. Kwa kweli sijawahi kuogopa barabarani kama siku ile, na ndiyo maana naandika hii.

Tulivutwa mpaka Iringa. Fundi alipofungua silinda hedi (kipande cha juu cha injini) akaniita nione mwenyewe: bolti tatu za safu ya nyuma zilitoka zikiwa zimeburuta meno ya bloku (mwili wa injini ambamo bolti zinashika), vipande vya aluminiamu vimejizungusha kwenye bolti kama uzi. Na pale kwenye gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, kulikuwa na silikoni imepakwa. Maana yake kuna gereji ilishafungua hiyo injini, ikaona tatizo, ikabandika gundi, gari ikarudi sokoni.

Sasa wengi hawalijui hili kwa hiyo nitalieleza taratibu. Noah nyingi za kuanzia 2001 mpaka 2007 zina injini ya 1AZ-FSE, lita 2, hiyo inayoandikwa D-4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Bloku yake ni aluminiamu na bolti za hedi zinang'ata kwenye hiyo hiyo aluminiamu. Meno ya safu ya nyuma, upande unaoelekea dashibodi, yanajulikana kwa kulegea, hasa gari ikishachemsha mara moja mbili. Yakishalegea hedi inanyanyuka kidogo tu, maji yanavuja kwa nyuma ambako macho hayafiki, wewe unaongeza maji kila wiki ukidhani rejeta ndo mbovu. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii chochote. Dawa ni kutoboa yale matundu na kuweka bushi za chuma zenye meno mapya, tena matundu yote, sio yale yaliyoharibika tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji: hedi imeshafunguliwa? Akisema ndiyo, muulize meno yaliwekwa upya na nani, na umpigie huyo fundi mbele yake.

Lakini maneno ya muuzaji ni maneno, gari yenyewe ndo inasema ukweli, na inasema ikiwa ya baridi. Mpigie simu jana yake mwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla hata salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, ahirisha, rudi kesho. Usione aibu.

Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa ya moto usithubutu, utaungua uso). Unataka kuona kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) yenye rangi, nyekundu au ya pinki. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, jua mwenye gari amekuwa akiongeza maji, na hakuna anayeongeza maji kwenye gari isiyopoteza maji. Chukua tochi umulike nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku, tafuta michirizi mikavu ya pinki au nyeupe. Halafu vuta kijiti cha oili, unuse. Kwenye D-4 pampu ya presha ya petroli ikichoka inaweza kuvujisha petroli kwenye oili, kwa hiyo oili iliyopita alama ya juu na inanuka petroli ni dalili mbaya, usidhani mtu kajaza vizuri.

Washa wewe mwenyewe. Iache iungurume dakika ishirini AC ikiwa imewashwa, uone feni inaingia na kutoka, uangalie moshi mweupe usioisha. Na kuna kitu kimoja ambacho hapa Dar hakuna anayekifanya kwa sababu ya joto letu: injini ikishapata moto washa hita mpaka mwisho. Ikipuliza baridi, inawezekana maji yamepungua au kuna hewa kwenye mfumo. Ile Noah yangu ya kwanza ningeishtukia hapo hapo.

Kuhusu kilomita, msiamini dashibodi. Fungua mlango wa dereva utafute stika ndogo ya Kijapani ya kumwaga oili, mara nyingi imeachwa, ina kilomita na tarehe, na mwaka unaweza kuwa wa Heisei, yaani hesabu ya miaka ya Kijapani, unajumlisha 1988 (Heisei 24 ni 2012). Nilikuta moja imeandikwa 134,000 mwaka 2012 wakati dashibodi inasoma elfu tisini na nane! Nikaaga. Na hii habari ya "namba D" "namba E" inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii imetengenezwa lini, soma mwaka kwenye kadi.

Giaboksi: zilizotoka baada ya maboresho ya 2004 nyingi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua hatua. Ipeleke kwenye mlima, ukikanyaga mafuta ukasikia injini inapiga kelele na gari haiendi, au inatetemeka inapoanza kuondoka, achana nayo. Muulize pia aliweka oili gani maana CVT ina oili yake, na wapo mafundi wanaotia haidroliki ya kawaida ya otomatiki humo humo. Mlango wa kuslaidi, AC ya nyuma, bushi za miguu ya gari, shokapu, hivyo vyote angalia lakini vinatengenezeka, ni vya kupunguzia bei tu. Kutu chini sio ya kupunguzia bei, gari zilizotoka mikoa ya theluji kule Japani zinaliwa na chumvi ya barabarani, ingia chini uone kwa macho.

Kabla ya pesa kutoka angalia deni la faini za trafiki na la parking kwa namba ya gari, na namba ya chesisi ifanane na kadi.

Ile ya kwanza niliitengeneza kwa bushi za chuma matundu yote nikaiuza, na aliyeinunua nilimwonyesha picha za bolti. Saivi nina Noah ya 2008, injini ya 3ZR-FE isiyo na D-4. Niliifuata saa kumi na mbili asubuhi, bado ina umande kwenye kioo, na muuzaji alikuwa hajaamka. Desemba iliyopita tumepanda nayo Kitonga nyuma ya malori mawili, mama mkwe kiti cha mbele, macho yake kwenye dashibodi mpaka tukatokea juu.